Uzi: Sanaa inafanya kazi gani hasa? Wachongaji, wachoraji na washona shanga wa Arusha na Moshi, karibuni

PatasiButu (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, habari zenu wana rika.

Kila aliyepita sekondari anaikumbuka ile orodha: dhima za sanaa ni kuelimisha, kuburudisha, kuonya, kukosoa, kuhifadhi utamaduni. Ukiiandika kwenye mtihani unapata alama zako na maisha yanaendelea. Shida ni kwamba mchongaji ukimpa orodha hiyo pamoja na gogo, bado hajui aanzie wapi.

Hoja yangu ni hii: dhima si maelezo ya kubandika kazi ikishakamilika. Dhima ndiyo inayochagua mti, uzito, unene wa rangi, na mahali pa kuacha bila kung'arisha. Chukueni Wamakonde. Kinyago cha mapiko, kile cha kuvaa kichwani kwenye ngoma za jando na unyago, hakichongwi kwa mpingo. Kinachongwa kwa mti mweupe, laini na mwepesi, kinakombwa ndani mpaka libaki ganda jembamba, na nywele za watu zinapachikwa kwa nta. Mchezaji atacheza nacho muda mrefu akitazama kupitia uwazi wa mdomo. Mpingo una uzito wa karibu kilo 1,200 hadi 1,300 kwa mita ya ujazo, ukiutupa majini unazama. Kinyago cha mpingo kingemvunja mtu shingo.

Sanamu nyeusi tunazoziona kwenye maduka ya vinyago hapa mjini zilikua kwa njia nyingine, hasa pale wachongaji walipopata wanunuzi wa kigeni. Mtu wa kuweka sanamu mezani anataka kitu kizito, cheusi, kisicholiwa na wadudu. Kazi ilibadilika, mti nao ukabadilika. Mtindo wa shetani, yaani sanamu za mizimu zenye maumbo ya ajabu, ulioanzishwa na mchongaji Mmakonde Samaki Likankoa miaka ya 1950 ulizaliwa ndani ya soko hilo hilo, vivyo hivyo zile nguzo za ujamaa zenye watu waliobebana. Kwa hiyo anayesema "ya kuuzia wageni si sanaa" aanze kwa kujibu hapo.

Ombi: tusileteane "sanaa ni kioo cha jamii". Leteni mnachokijua kwa mikono.

Gogo_Jeusi

Mkuu umegusa mti, basi niseme kuhusu kupasuka, maana ndiyo kesi kubwa ya wateja.

Gogo hupoteza maji haraka zaidi kupitia vichwa vyake viwili kuliko kupitia ubavuni. Nje inasinyaa, ndani bado kumejaa, mbao inajivuta mpaka inaachia. Mpingo ni mgumu na unakauka polepole mno, hivyo ukiulazimisha hausamehe. Siku ile ile gogo linapokatwa, paka vichwa vyote nta ya mishumaa iliyoyeyushwa, au rangi ya mafuta mara mbili. Liweke kivulini juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini yake, lisilale kwenye sakafu ya saruji. Jua la Moshi la Januari na Februari likilipiga gogo bichi siku nzima, jioni unaweza kukuta nyufa za kuingiza ukucha.

Halafu kiini. Katikati ya gogo la mpingo mara nyingi kuna ufa au uozo usiouona kwa nje. Panga umbo lako ili kiini kipite mgongoni au mahali ambapo utatoboa uwazi. Ukikiacha kipite katikati ya uso wa sanamu, utakuja kulia. Kama umbo ni nene na haliwezi kukwepa kiini, toboa tundu kutokea chini ya kitako kwenda juu kukifuata. Mbao inapata nafasi ya kujivuta bila kupasua ngozi ya nje.

Ukishatoa umbo la awali kwa tezo, acha ziada ya sentimita 1 hadi 2 kila upande, paka nta tena sehemu zilizokatwa kukingama na nyuzi za mti, acha miezi kadhaa, ndipo urudi na patasi. Msasa uende kwa mpangilio: 80, 120, 240, 400. Ukiruka kutoka 80 kwenda 400 mikwaruzo inabaki chini, na ukipaka nta ndipo inaonekana yote.

Sasa ndipo dhima inapoingia. Sanamu ya kukaa Moshi na sanamu ya kwenda Uswisi si kazi moja hata kama umbo ni moja. Nyumba zao wakati wa baridi zina vipasha joto na hewa ni kavu sana kuliko yetu. Kazi iliyomalizwa kwenye masika ikifika kule inaendelea kukauka, na baada ya wiki chache mteja anatuma picha ya ufa. Anadhani ametapeliwa. Hakutapeliwa, aliuziwa kazi ambayo ilikuwa haijamaliza kukauka kwa ajili ya mahali ilipokwenda. Wanaotengeneza zumari za klarineti na obo kwa mpingo huu huu huuweka miaka kabla ya kuutoboa.

La ziada: mti huu unachukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa maana. Marehemu Sebastian Chuwa wa hapa Moshi ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuotesha miche yake, kupitia mradi ulioanza 1996. Ukikata kipande ukaharibu kwa haraka ya wiki mbili, pima hasara yako kwa hesabu hiyo.

Duka_MnaraWaSaa

Wakuu, kwa heshima zote, kazi ya sanaa ni ugali. Mengine ni semina.

Mgeni anayeshuka kutoka mlimani au anayetoka Ngorongoro ana begi lenye kikomo, mara nyingi kilo 23, na limeshajaa. Kinachotoka dukani ni kitu cha kuingia kwenye soksi: urefu usiozidi sentimita 20, kisicho na mkono au pembe iliyochomoza, maana ndiyo ya kwanza kuvunjika. Sanamu ya mita moja inakaa dukani mpaka inaota vumbi. Wachongaji wananiletea twiga wenye shingo nyembamba kama penseli halafu wanashangaa kwa nini nawarudishia.

PatasiButu

Duka, umeikataa hoja yangu halafu umeithibitisha. Umetueleza urefu, uzito na umbo, vyote vimeamuliwa na begi la mgeni. Ila ongezea na ile sehemu unayoijua vizuri na hukuiandika: mti mweupe uliopakwa kiwi cha viatu ukauzwa kwa jina la mpingo.

Duka_MnaraWaSaa

Hahaa, sawa. Si duka langu lakini ipo. Jinsi ya kuikamata: kwanza shika mkononi, mpingo utaushangaa uzito. Pili, geuza kitako. Wengi hawapaki vizuri chini, na utaona nyuzi pana za mti laini. Tatu, lowesha pamba na spiriti ufute mahali pa kificho. Kiwi kinatoka cheusi kwa wingi, mpingo halisi unaweza kuacha alama hafifu ya nta na rangi ya kahawia tu. Nne, mpingo wa kweli si mweusi tii kila mahali, una mistari ya zambarau na kahawia, na kwenye baadhi ya kazi mchongaji ameacha ile ngozi ya nje ya njano. Kitu cheusi sawasawa kama kimechovywa, kitilie shaka.

Lakini nauliza: kama mnunuzi anataka kumbukumbu ya safari tu, kile cha kiwi si kimefanya kazi yake?

Gogo_Jeusi

Kingefanya kama ungekiuza kwa jina lake. Twiga wa mti laini aliyepakwa rangi wazi wazi ni bidhaa halali kabisa. Tatizo kiwi kinahamia kwenye shati jeupe ndani ya begi, na wadudu wanaotoboa mti laini wanasafiri nao. Kuna nchi ambako forodha wakikuta unga wa wadudu wanachukua kazi yote.

ShangaNamba8

Hodi jamani. Mbona mnaongea mbao tu, na Arusha yote inavaa shanga?

Nianze na ile karatasi wanayosomewa wageni: nyekundu ni damu na ujasiri, bluu ni mbingu, nyeupe ni maziwa, kijani ni majani. Si uongo mtupu. Lakini mama wa Kimaasai wa Monduli anayemshonea binti yake hashoni kwa kusoma karatasi hiyo. Anatazama kama rangi zinakatana, kama nyeupe imetenganisha nzito na nzito, na kama mpangilio ni wa rika la sasa au ni wa mama zao. Anayejua anaweza kuangalia kola akasema imetoka upande gani. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza: kumtambulisha mtu kabla hajafungua mdomo. Na shanga zenyewe ni za kioo za kuagizwa, nzuri zinatoka Cheki, kwa hiyo anayetafuta "asili" kwenye malighafi atapotea. Asili iko kwenye mpangilio.

Sasa ufundi. Kola ya bapa ya shingoni ina kosa moja linalowashinda wanaojifunza: inapanda kama bakuli au inafanya mawimbi. Hesabu yake ni hii. Shanga namba 8 ina upana wa karibu milimita 3, na kwa urefu wa tundu karibu milimita 2. Kila mzunguko mpya unakaa milimita 3 nje ya ule wa ndani, kwa hiyo mduara unaongezeka karibu milimita 19, sawa na shanga 9 hadi 10. Haijalishi uko karibu na shingo au uko nje kabisa begani, ongezeko ni lile lile. Ukiongeza 6 tu, kola inapanda juu. Ukiongeza 14, inakunjamana.

Kama umeigawa kola kwa vipande 8 vya ngozi au vya plastiki ya dumu, basi kila sehemu kati ya vipande inaongezewa shanga 1 kwa mzunguko, na kila mzunguko wa tano unaongeza 2. Hapo inalala bapa. Matundu kwenye vile vipande yaachane milimita 3 na ushee kidogo. Yakikaribiana zaidi, mizunguko inapandiana. Yakiachana sana, waya unaonekana. Na usichanganye shanga za mafungu mawili bila kupima, hata kama mfuko umeandikwa namba ile ile. Panga shanga 20 kwenye sindano, pima urefu, kisha panga 20 za fungu la pili. Tofauti ya milimita 3 hapo inatosha kuharibu kola nzima.

Kwa nini bapa? Kwa sababu mwanamke akicheza anarusha mabega na kola inaruka nayo. Waya uwe na unyumbufu, mafundo yasikazwe mpaka mwisho. Loji zinaagiza kola za kutundika ukutani, zinagundishwa kwenye ubao, zimekakamaa kabisa. Ukutani zinapendeza. Mtu akibandua moja aende nayo harusini, inamkaba na haitikisiki, na wazee watajua tu.

Mwl_Fani

Naunga mkono hoja ya ShangaNamba8, na naongeza umri wake. Kwenye pango la Kisese, huko Kondoa, zimepatikana shanga za ganda la yai la mbuni zenye zaidi ya miaka 40,000. Hakuna kilimo, hakuna mifugo, hakuna soko la wageni. Na shanga ya namna hiyo ina kazi: unavunja ganda, unatoboa tundu kwa jiwe lenye ncha, ndipo unasugua ukingo mpaka uwe duara. Anayejua anatoboa kwanza, maana ganda hupasuka zaidi wakati wa kutoboa, na likipasuka hapo hujapoteza muda wa kusugua. Shanga haikamati swala. Mtu mwenye njaa hawezi kutumia masaa hayo kwa kitu kisicho na faida, kwa hiyo faida ilikuwepo: kujulikana wewe ni nani, na kupeana zawadi na watu wa mbali.

Ndiyo maana sikubaliani na Kant, mwanafalsafa Mjerumani wa 1790, aliposema kufurahia uzuri ni kufurahia bila kutaka chochote. Anaeleza vizuri hali ya mtazamaji aliyeketi. Hamwelezi mshonaji. Tolstoy, mwandishi Mrusi, mwaka 1898, alikaribia zaidi: msanii anaambukiza wengine hisia aliyokuwa nayo. Lakini naye anabanwa na mapiko, kwa sababu kile kinyago hakitoi hisia za mchongaji, kinamleta mhenga uwanjani.

Mfano mgumu zaidi ni michoro ya miambani ya Kolo, ukitoka Babati kuelekea Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna watu na wanyama wa rangi nyekundu, na mingine myeupe ya baadaye. Nyekundu ni udongo wenye oksidi ya chuma, ndiyo maana imedumu, haififii kwa mwanga kama rangi za mimea. Wenyeji bado wanafanya matambiko kwenye baadhi ya mapango yale. Mhifadhi anataka mwamba usiguswe, mwenye tambiko anataka mahali patumike. Wote wawili wanatetea sanaa. Anayekosea bila ubishi ni mgeni anayemwagia maji ili picha yake ya simu itoke vizuri: maji yanavuta chumvi za ndani ya mwamba, yakikauka yanaacha utando mweupe juu ya mchoro, na utando huo hautoki.

Kibosho_Juu

Mwalimu umewasahau wa kwetu. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame 1923, alichora mwaka 1956 wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York likainunua picha hiyo 1960. Elimo Njau wa Marangu alichora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, mwaka 1959, maisha ya Yesu yakiwa kwenye milima na mavazi ya Kiafrika. Hizo ni kazi mbili zisizofanana kiufundi. Picha ya Ntiro unaisogelea, macho yanatembea polepole. Ya ukutani kanisani lazima isomeke kutoka benchi la mwisho, kwa hiyo maumbo makubwa, tofauti kali ya giza na mwanga, vidole na kope ni vya baadaye. Wanaochora makanisa yetu ya sasa wanakuza picha ya kalenda ilivyo, na kutoka mita 15 unaona ukungu tu.

RangiKavu

Niseme machache kuhusu michoro ya tingatinga, kisha chalii wa Sakina aliyenitumia swali faragha aliweke hapa hadharani.

Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alianza 1968 Dar es Salaam, akafariki 1972. Miaka minne tu. Alitumia vibao vya dari, mraba wa karibu sentimita 60, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya baiskeli. Ubao mgumu na rangi ngumu vinaelewana. Baadaye wateja wakataka kitu cha kukunja, wachoraji wakahamia kwenye kitambaa, rangi ikabaki ile ile. Ndiyo chanzo cha nyufa kwenye picha nyingi za namna hii: rangi ile ikizeeka inakuwa kama ganda, kitambaa kinajikunja, ganda halikunjiki.

Ukilazimika kuchora kwenye kitambaa: mkono wa kwanza wa rangi ya chini uzimuliwe na tapentaini kama sehemu 1 kwa 10, wa pili uende bila kuzimuliwa lakini mwembamba. Kati ya mkono na mkono saa 24, na kwa baridi ya Arusha ya Juni na Julai nenda saa 48. Ukipaka juu ya rangi mbichi, ya juu inakauka kwanza na kufanya makunyanzi. Ikishamalizika isubiri wiki 3 kabla ya kukunjwa. Kunja rangi ikiwa nje, kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, na karatasi ya kuokea kati ya tabaka. Usiweke nailoni, itagandana na rangi kwenye joto la gari.

ChaliiWaSakina

Shikamoo wakuu. Swali lenyewe: kuna shule ya msingi upande wa Ngaramtoni wanataka ukuta wa nje uchorwe, mita 8 kwa 2.5, uwe na herufi, wanyama na kunawa mikono. Ukuta umepigwa lipu mpya. Mwalimu mkuu anataka rangi ya mafuta kwa sababu inafutika matope. Nianzeje?

RangiKavu

Chalii, usianze. Lipu ya saruji mpya ina alkali, na alkali inaila rangi ya mafuta, inaigeuza sabuni: inanata, inapauka, inabanduka kwa vipande. Subiri siku 28 kwa uchache, na kama masika yameingia ongeza. Kupima, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa gundi ya karatasi pande zote jioni. Asubuhi kesho yake kikiwa na matone kwa ndani, ukuta bado una maji. Ukiona unga mweupe juu ya lipu, usiuoshe, upige brashi kavu, usubiri utoke tena, upige tena mpaka ukome. Ukiosha unarudisha chumvi ndani.

Tumia rangi ya maji ya nje kwa mchoro wote. Mkono wa chini uzimue kwa maji kama robo, ili uingie kwenye lipu. Matope yanapiga zaidi sentimita 60 za chini, kwa hiyo hapo usichore chochote cha maana, weka mkanda wa rangi ya udongo. Mwalimu mkuu atafurahi, na mtapaka upya mkanda huo tu kila mwaka.

Mwl_Fani

Na kwa kuwa ni wa kufundishia: herufi isomeke vizuri kwa mbali inahitaji urefu wa karibu sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Watoto wakipanga mstari mita 12 kutoka ukutani, herufi isipungue sentimita 10, na mimi ningeweka 20. Tumia "a" ile wanayofundishwa kuandika darasa la kwanza, si ile ya kwenye kompyuta. Picha ya kunawa mikono iwe jirani na bomba lenyewe, urefu wa macho ya mtoto wa miaka 7, karibu mita 1.1 kutoka chini.

ShangaNamba8

Na wanyama wawe wale wanaowaona. Punda na mbuzi kabla ya pengwini, tafadhali.